Sifa za Cheti cha Kutokuwa na Pingamizi

Mapenzi yamesifiwa vya kutosha, na mahari haijakosa wa kuitetea. Leo nakisifu cheti cha kutokuwa na pingamizi la ndoa. Mkenya anayetaka kuoa au kuolewa Ujerumani hukiomba kwa Msajili wa Ndoa, na ujumbe wake ni kwamba serikali imetafuta kizuizi haikukiona. Mchumba atakuapia mpaka alfajiri kwamba hana mtu. Cheti kinayasema hayo hayo kwa mhuri.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mshenga. Aliulizia ukoo, tabia, na kama kuna mke mwingine amefichwa Voi. Ila mshenga alikirimiwa chai na mahamri, na aliyeshiba huyanyamazia mengi. Cheti hakinywi chai. Kinataka cheti cha kuzaliwa, pasipoti, hati ya kiapo, na aliyewahi kuoa alete talaka au hati ya kifo, achague.

Uzuri wake hasa uko kwenye majina. Pasipoti inasema Mwanaisha. Cheti cha kuzaliwa, kwa mkono wa karani aliyekuwa na haraka zake, kinasema Mwana Aisha. Likoni nzima haijawahi kumdhania kuwa watu wawili. Afisa wa ndoa wa Ujerumani ndiye wa kwanza kushuku. Basi bibi harusi huyoo kwa wakili, anaapa kwamba yeye na yule mwingine ni mtu mmoja, analipia kiapo, kisha mtafsiri aliyeapishwa anakigeuza Kijerumani, na huyo naye analipwa. Ni wangapi kati yetu tulioingia kwenye ndoa tukiwa tumethibitishwa kisheria kwamba sisi ni sisi?

Tena hakina subira na wazembe. Kwa kifungu cha 1309 cha sheria ya kiraia ya Ujerumani, ndoa isipofungwa ndani ya miezi 6 tangu kitolewe, nguvu yake imekwisha, na safari inaanza upya. Wale vijana wetu wanaochumbia tangu enzi za Kibaki wangefaa sana kuwekwa chini ya kifungu hicho.

Wapo wasio na shukrani, wanaokimbilia Denmark, wakafungie ndoa kisiwani Ærø, ambako karatasi ni chache. Hata huko, tangu 2019, kuna idara moja ya serikali inayokagua maombi ya wageni, na kibali chake ni cha miezi 4 tu. Wameruka mkojo, wakakanyaga mavi.

Na anayedhani ndoa ikishafungwa mambo yamekwisha, asubiri viza ya kuhamia kwa mwenzi wake Mjerumani. Kwa kawaida hiyo hudai cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, ili ugomvi wa kwanza nyumbani ufanyike kwa sarufi sahihi.