Kichwa Darini, Taa Mawinguni

Katika elimu ya vyombo vya moto, urefu wa mtu hauhesabiwi kwa jumla, kutoka unyayoni hadi utosini, kama anavyopimwa kuruta siku ya kuandikishwa jeshini, bali hugawanywa vipande, na kipande chenye taabu kuliko vyote ni kile kiitwacho kimo cha kukaa, yaani umbali kutoka kwenye kiti hadi utosini mtu akiwa ameketi wima. Watu wawili wenye urefu wa mita 1.95 wanaweza kuingia katika gari moja dogo na kutoka na malalamiko tofauti kabisa: mwenye miguu mirefu atatoka akisugua magoti, ambayo yameukumbatia usukani safari nzima, ilhali mwenye kiwiliwili kirefu atatoka na nywele zilizolala upande mmoja kwa kufagia kitambaa cha paa. Wa kwanza ana dawa, kwani kiti husukumwa nyuma hadi abiria wa nyuma apige yowe; wa pili hana, maana paa halisogei, na akikilaza kiti ili kukiokoa kichwa, mikono nayo huanza kuutafuta usukani kama ya mtu anayechota maji kisimani kwa kamba fupi.

Eneo la Washington, D.C., yaani mji mkuu wa Marekani pamoja na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, lina haki ya pekee ya kuwa makao ya somo hili. Mwaka 1985 timu ya mpira wa kikapu ya Washington Bullets ilimchukua Manute Bol, Mdinka kutoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, mwenye urefu wa mita 2.31, na mwaka 1993 ikamchukua Gheorghe Mureșan wa Romania, wa kimo hicho hicho, na hadi leo hakuna jozi iliyowapita katika historia ya ligi ya NBA. Katika msimu wa 1987 hadi 1988 Bol alicheza pamoja na Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60, na dereva yeyote aliyewahi kuazima gari la ndugu mfupi, akaingia bila kukisogeza kiti kwanza, ataelewa sentimita 71 zina maana gani kwa magoti. Wataalamu wa vipimo vya mwili wameeleza kwamba watu wa jamii za Kiniloti, Wadinka wakiwemo, aghalabu huwa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kwa kulinganisha na kimo chao. Kwa hesabu hiyo, Mdinka na Mholanzi wa urefu mmoja wakipewa magari ya aina moja, Mdinka atalalamikia usukani na Mholanzi atalalamikia paa, ingawa ukishafika mita 2.31 mjadala wenyewe hufungwa, kwa kuwa hakuna kiungo kinachosalimika.

Mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa magari, NHTSA, ina makao yake katika mji huo huo, na kanuni zake hutegemea sana mwanasesere wa majaribio, yaani sanamu ya mtu inayofungwa mkanda na kubamizwa ukutani ili ijulikane binadamu angeumia wapi. Mwanasesere mashuhuri kuliko wote ana urefu wa sentimita 175 na uzito wa kilo 78, na kwa miaka mingi ameingia katika magari ya kila namna bila kulalamika hata mara moja. Mamlaka hiyo pia huwashauri madereva waache sentimita 25 kati ya kifua na usukani, ushauri ambao mtu mrefu huutekeleza bila hata kuusikia, kwa sababu hana pengine pa kukiweka kifua chake.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mtu wa namna hii asinunue gari kubwa. Jibu ni maegesho. Katika mitaa ya Georgetown na Adams Morgan, yenye nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta na nyingi zisizo na banda la gari, magari hulala kando ya barabara yamepangana pua kwa mkia, na anayerudi nyumbani saa mbili usiku na gari dogo, tuseme Yaris, ambayo Afrika Mashariki inafahamika kwa vizazi vyake vilivyokuja kwa jina la Vitz, hupata upenyo ambao mwenye gari kubwa huupita akiutazama kwa uchungu. Muuzaji naye humtuliza mteja wake mrefu kwa kumwonyesha kidirisha cha paa, asimwambie kwamba fremu ya kidirisha hicho imeshakula sentimita kadhaa za nafasi ya kichwa, na kwamba nafasi hiyo hurudi kikifunguliwa tu, jambo ambalo mwezi wa Januari huleta theluji kifuani.

Hata hivyo, kugonga kichwa ni maumivu ya kupita. Msiba wenyewe ni taa za barabarani. Macho ya dereva mrefu katika gari dogo hukaribiana na ukingo wa juu wa kioo cha mbele, kwa hiyo anaona vizuri sana lami, matairi ya wenzake na njiwa, lakini haoni kitu chochote kilichotundikwa juu. Na kioo cha kutazamia nyuma, ambacho mwenzake mfupi hutazama barabara kwa chini yake, kwake kinaning’inia usawa wa macho na kuwameza waenda kwa miguu wanaotoka kulia. Hapa ndipo Washington inapojitenga na vitongoji vyake. Katika mitaa mingi ya mji wenyewe, taa zimepachikwa kwenye nguzo fupi za pembeni, kwenye kona, mahali ambapo hata mtu aliyejikunja huziona. Ni mji wenye historia ndefu ya kuchukia vitu vya juu: Bunge lilikataza nyaya za tramu zisipite angani katikati ya mji, hata tramu zikalazimika kunyonya umeme kutoka mfereji uliochimbwa chini ya barabara, na sheria ya mwaka 1910 ikayawekea majengo ukomo, kwamba yasizidi upana wa barabara yanayoielekea kwa zaidi ya futi 20. Rais wa wakati huo alikuwa William Howard Taft, mtu wa miraba minne, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameingiza magari Ikulu, na gari lake la mvuke lilikuwa la wazi. Yaani aliyeyawekea majumba dari, yeye mwenyewe alipanda gari lisilo na dari.

Ukivuka mpaka kwa barabara ya Georgia Avenue na kuingia Silver Spring, Maryland, mambo hubadilika, kwani huko taa nyingi huning’inia juu ya barabara kwenye nyaya au mikono ya chuma, na kanuni za taifa hutaka zisiwe chini ya futi 15 kutoka kwenye lami, kwa heshima ya malori. Dereva mrefu akisimama kwenye mstari, taa hupotelea juu ya paa lake. Wapo wanaosimama mbali nyuma ya mstari, wakatukanwa kwa honi; wapo wanaosoma sekunde zinazohesabiwa kwenye taa ya waenda kwa miguu; wapo wanaoinama hadi kidevu kuugusa usukani, wakageuza jicho moja juu kama kuku aliyesikia mwewe; na wapo wanaoitegemea honi ya gari la nyuma, ambayo katika eneo hilo haichelewi hata nusu sekunde. Mwenye subira kuliko wote hushusha dirisha na kutoa kichwa nje. Dereva wa gari la jirani, akidhani anaulizwa njia, naye hushusha lake kwa adabu, huuliza anakwenda wapi, na maelezo yanapokwisha kwamba haendi kokote, anatafuta taa tu, taa yenyewe inakuwa imeshawaka kijani na kurudi nyekundu.