Kamba Wekundu na Ukoo Mzima

Wewe mwenzangu mwenye mke, watoto na tangi la samaki sebuleni, sogea tuliwazane. Kwetu tunafuga kamba wadogo wekundu, wale ambao asili yao ni China na Taiwan. Hata wakikomaa hufika sentimita 3 tu. Kutwa wanachokora mwani kwenye mawe na majani, na mimi nawapenda kwa dhati. Shida ni ukoo.

Mama mkwe, ambaye wajukuu wanamwita Bibi Tui kwa kuwa kila chakula anakiunga nazi, alipowaona tu akauliza, "Uduvi huu mnaupika lini?" Mke wangu, Waziri wa Mambo ya Ndani, akamweleza kwamba hawa ni wa kutazama. Mama akaguna, na mguno ule mpaka leo haujaisha.

Kisha akaja shemeji yetu, Profesa. Huyu ndiye aliyetufungia feni ya dari ikawa inapandisha upepo juu, tukalala tunatoka jasho huku yeye akisifu kazi yake. Safari hii alileta zawadi ya samaki malaika, wale bapa wenye mapezi marefu. "Wapole hawa, shemeji." Upole wa samaki uko kwenye mdomo: kinachoenea, kinamezwa. Malaika mkubwa humeza kamba mzima, na hata gapi mdogo hula watoto wa kamba. Nikaomba warudishwe. Waziri akatoa hukumu: zawadi hairudishwi. Basi, wakabaki.

Ikabidi nijenge maficho. Nilisonga mimea ya java mosi pembeni, nikapanga magogo na mawe yenye vitundu. Kamba akijivua gamba mwili huwa laini, hana kinga. Lazima apate pa kujibanza mpaka gamba jipya likaze. Jike naye hubeba mayai chini ya tumbo kwa wiki 3 au 4 hivi, akiyapepea kwa vijiguu vyake. Watoto hutoka wakiwa kamba kamili, ila wadogo mno, na chujio huwafyonza. Ndiyo maana mdomo wa chujio huvikwa sponji. Yetu aliing'oa kitindamimba, Kipanga, akaenda kuoshea baiskeli yake kwa sabuni.

Jioni huja zamu ya dawa ya mbu. Dawa hizo za kupuliza ni sumu kali kwa kamba. Nilipomsihi Waziri, alinijibu, "Baba watoto, mbu ana malaria." Kweli anayo. Sasa kila magharibi nazima pampu ya hewa, nafunika tangi kwa plastiki na kulivika khanga juu, na dawa inapulizwa vyumbani, si sebuleni. Profesa naye alitaka kumwaga dawa ya samaki yenye shaba. Chupa nikaifungia kabatini, maana shaba huua kamba.

Hivyo mwenzangu, ukoo hutauweza, tengeneza tangi. Panda majani mengi kabla ya kuleta kamba. Chagua samaki wenye midomo midogo. Soma kibandiko cha kila dawa, ukiona shaba iache dukani. Na sponji za chujio nunua mbili, ya pili mpe mwenye baiskeli.