Gari la Desemba

Mwenzetu mmoja Nairobi anatafuta gari la umeme. Kwake ni Rongai, kazini Upper Hill; kwenda na kurudi hakufiki kilomita 50, na nusu ya muda wa safari huwa amesimama nyuma ya matatu, ambapo betri hailiwi ila na redio na feni. Nissan Leaf iliyotumika Japani, ile ya kilowati-saa 40, ingemtosha hata akisahau kuichaji siku mbili.

Lakini wapi! Kila muuzaji anaulizwa swali lile lile: "Itanifikisha Mombasa?" Mombasa yenyewe anaenda Desemba, Mungu akipenda. Ni kilomita 480 hivi. Kwa kipimo cha Ulaya, Leaf hiyo inaenda 270, na wapimaji hawakumpakia mama mkwe wala magunia juu ya paa. Kushuka kungemdanganya: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo akifika Mtito Andei angeshaanza kuwapigia watu simu kuwasifu Wajapani. Mlima wa kurudi nao ungemdai mpaka senti ya mwisho, tena betri isiyopozwa kwa maji ikichajiwa haraka mara kwa mara hupata joto, kisha huanza kunywa umeme kwa kijiko.

Basi amenunua Prado ya dizeli, viti saba. Kila asubuhi iko Lang'ata Road na mtu mmoja ndani, inanguruma papo hapo.

Desemba familia ilipanda treni ya SGR.