Namna ya Kulea Mozart Bila Kufungua Mdomo

Hongera kwa kupata mtoto, au kwa kukaribia kumpata. Kila mzazi wa siku hizi anajua kuwa muziki hukuza akili ya mtoto, na kila mwenye duka la vifaa vya watoto Kariakoo anajua kuwa wewe unajua. Mwongozo huu ni wa mzazi aliye bize, mwenye bando la kutosha na sauti anayoionea aibu. Ufuate hatua kwa hatua, usiruke.

Hatua ya kwanza: anza na tumbo

Mimba ikifika miezi sita hivi, nunua hedifoni kubwa uzibandike tumboni. Ni kweli kwamba katika kipindi hicho mtoto huanza kuitikia sauti. Lakini usikubali kuambiwa kuwa sauti ya mama humfikia vizuri kuliko zote kwa kuwa hupitia mwilini mwake mwenyewe, bila waya wala chaji. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa vichanga chuchu bandia iliyounganishwa na mitambo ya sauti: wakinyonya kwa mpangilio fulani wanamsikia mama yao, kwa mpangilio mwingine wanamsikia mwanamke mwingine. Vichanga wakarekebisha unyonyaji wao ili wamsikie mama. Hakuna aliyeulizia simfoni. Habari za namna hii zinaharibu biashara za watu.

Hatua ya pili: Mozart, na Mozart tu

Ukiulizwa sababu, taja utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1993, kisha ubadilishe mada upesi. Mwuliza maswali akiendelea atagundua kuwa waliopimwa ni wanafunzi 36 wa chuo kikuu huko California, watu wenye ndevu na madeni. Walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi katika maswali ya kukisia umbo la karatasi iliyokunjwa na kukatwa, na faida hiyo ikayeyuka baada ya dakika 10 hadi 15. Mtoto mchanga hakuwamo hata mmoja. Hilo halikumzuia gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, kuomba dola 105,000 mwaka 1998 ili kila anayezaliwa jimboni mwake apewe muziki wa aina hiyo. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna, mji alikofia Mozart, walikusanya tafiti karibu 40 wakakuta kuwa muziki wa aina nyingine ulileta mabadiliko yaleyale, nayo ni madogo. Wasamehe. Nabii hakubaliki kwao.

Hatua ya tatu: mdhibiti bibi

Adui mkubwa wa mpango wako ameshuka na basi la Mtwara, na ndani ya mzigo wake mna mbeleko. Mwangalie jioni, mtoto akianza kulia bila sababu inayoeleweka. Hatafuti rimoti. Anainama, anamtupia mgongoni, anakaza fundo juu ya kifua, anaanza kutembea kati ya mlango wa jikoni na kamba ya nguo huku akimpigapiga makalio kwa kiganja. Wimbo wake hauna mwisho. Anaingiza jina la mtoto, anamwingiza baba aliyechelewa kurudi, anamsema mama aliyesahau chumvi kwenye mboga. Kilio kikigeuka kwikwi, anashusha sauti. Kikirudi, anaongeza mwendo. Spika gani ya dukani inaweza kufanya hivyo?

Kibaya zaidi, anaimba Kimakonde, na mtoto ameshawekewa nafasi katika shule ya Kiingereza. Mwambie kwa adabu, "Mama, utamchanganya mtoto." Usimweleze kuwa mwaka 2016 watafiti wa Montreal waliwasikilizisha watoto wachanga nyimbo zilizorekodiwa kwa Kituruki, lugha wasiyoizoea. Watoto walitulia takribani dakika 9 kabla ya kuanza kununa, ilhali maneno ya kusemeshwa tu yaliwashika kama nusu ya muda huo. Bibi akiyajua hayo hatashikika.

Hatua ya nne: asitikiswe

Muziki ni mambo ya masikio. Mfunge mtoto mkanda kwenye kiti chake, asikilize kwa heshima. Ukimrusharusha magotini utaamsha yaliyolala. Mwaka 2009 watafiti wa Budapest waliwapigia ngoma vichanga wa siku mbili tatu wakiwa usingizini. Pigo kuu liliporukwa, ubongo wao ulishtuka, maana yake walikuwa wakilitarajia. Huko Kanada, mwaka 2014, watoto wa miezi 14 walibebwa na kurushwarushwa kwa muziki mbele ya mtu mzima aliyecheza sawasawa nao au kwa mwendo tofauti. Baadaye mtu huyo akajifanya kuangusha vitu. Waliocheza naye kwa mdundo mmoja ndio waliojitokeza zaidi kumwokotea. Ona hatari yake: chekechea hajaanza, tayari ana moyo wa kusaidia. Siasa ataziweza lini?

Hatua ya tano: iwake kutwa

Washa spika asubuhi, umeme ukikatika ndio izimike. Ongeza televisheni yenye katuni za nyimbo, iwe yaya wa pili. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, lakini shirika hilo haliji kukuoshea vyombo. Mtoto mchanga hana uwezo wa mtu mzima wa kuchambua maneno ndani ya makelele, kwa hiyo ukimwita jina lake litamezwa na singeli. Vizuri. Atajifunza kupayuka, na nyumba itachangamka.

Hatua ya sita: usimpe zamu

Mtoto wa miezi mitatu minne, ukimwimbia mstari mmoja ukanyamaza, anakukazia macho, anarusha miguu, kisha anatoa "aguu" moja ndefu. Ukiijibu umekwisha. Atatoa nyingine, nawe utaijibu, na mtakuwa mmeshaanza kuzungumza kabla hajajua neno hata moja. Humo ndimo anamojifunza kusikiliza, kusubiri na kuitikia. Spika haina udhaifu huo: inapiga wimbo hadi mwisho, mtoto aseme asiseme.

Onyo kwa wakaidi

Wapo waliokwenda kinyume na mwongozo huu wote. Mwaka 2016 zilitoka habari kutoka Seattle za watoto wa miezi 9 waliocheza na wazazi wao, wakigongewa mdundo wa wolzi, kwa vipindi 12 vya dakika 15. Jumla yake ni saa 3 tu. Baadaye ubongo wao ulikuwa hodari zaidi kugundua mdundo uliovurugwa, wa muziki na hata wa matamshi, kuliko wa wenzao waliocheza na midoli bila muziki.

Basi, mzazi mwenzangu, ukizishika hatua zote sita utapata nyumba yenye muziki mwingi na mtoto asiyeimbiwa. Kama hilo hulitaki, zima spika umbebe. Wimbo wako hautamhakikishia daraja la kwanza kidato cha nne, na yeyote anayekuahidi hivyo ana kitu anachouza. Utamtuliza, utamzoesha mdundo wa lugha, na utamwonyesha kuwa akiita anaitikiwa. Sauti mbaya si kisingizio, maana mtoto hatoi maksi. Imba.