Sifa za Kuulizia Ukoo wa Kadi ya RAID

Watu wa mwambao hatujapata kuwa bahili wa kusifu: tumesifu majahazi na manahodha, tambuu na mkadi, na hapa Mafia, ambako mnazi ndio mali, hata makumbi yana watu wa kuyatetea, lakini ile kazi dhalili ya kukipekua kidhibiti cha diski cha seva, ambacho mafundi hukiita kadi ya RAID, ili kuyakinisha kama kitasikilizana na mfumo endeshi wa chanzo huria, haijapata hata beti moja, na dhuluma hiyo nimeazimia kuiondoa.

Kazi hii, kwanza, humtibu mtu kiburi. Aliyenunua seva ya mtumba Kariakoo, akaipakia basi la Mbagala mpaka Nyamisati, akavuka nayo kwa MV Kilindoni huku ameikumbatia ndani ya turubai isipate chumvi, hufika Kilindoni, na mbele ya wakubwa walioalikwa kushuhudia maendeleo, skrini ikamwarifu kwa adabu kwamba haioni diski hata moja. Diski zimo, na taa zake za kijani zinakonyeza. Ila zote ziko nyuma ya kadi, na kerneli ya Linux haina draiva ya kusema nayo. Wakubwa hunywa soda zao, huaga.

Walakini utukufu wake hasa umo katika nasaba, kwani kadi ya RAID, mithili ya mposaji, haipimwi kwa jina wala kwa mavazi bali huulizwa ukoo wake. ServeRAID M1015 ya IBM na PERC H310 ya Dell, zinazotazamana rafuni kama zisizojuana, ni ndugu wa chipu moja, SAS2008 ya kampuni ya LSI, na lebo haikwambii. Mwenye busara huchomeka flashi ya Linux pale pale dukani, huandika lspci -nn, akatokewa na mstari ambao mwishoni, ndani ya mabano ya mraba, una 1000:0073. Namba ya kwanza ni LSI, ya pili ndiyo chipu yenyewe.

Hapo huanza raha ya kusoma orodha za wakubaliwa na wakataliwa, raha ambayo wavivu huiita adhabu. Red Hat Enterprise Linux toleo la 7 liliipokea chipu hiyo; toleo la 8, lililotoka Mei 2019, likaifuta, pamoja na kadi za Smart Array za HP za kizazi cha sita, hali chuma hakikupungukiwa na skurubu, na Debian ikaendelea kuikaribisha bila kinyongo. (Wale wahisani wa ELRepo huzirudisha draiva zilizofutwa, nawashukuru, ingawa wananipunguzia hoja.)

Wala asidhani mtu kwamba kuvusha chombo kabla ya kukihoji ni msiba wa zama za kompyuta. Mwanzoni mwa 1915 Waingereza, wakiisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, walileta katika maji haya ndege za baharini za Sopwith, ambazo gundi yake ilishindwa na joto letu. Zikaletwa nyingine, zikarushwa kutoka Mafia, na Julai ya mwaka huo zikayaongoza makombora yaliyoimaliza manowari. Milki nzima, na haikuwa na mtu wa kuuliza habari za gundi!

Nisiisahau baraka ya mwisho, nayo ni ya mfukoni. Muuzaji anayemsikia mteja, macho yameganda kwenye skrini, akinong'ona mara tatu “elfu moja, sifuri sifuri sabini na tatu”, hudhani anasomewa kitu, akapunguza bei kabla hajaombwa.