Kunguru na Daftari la Njiwa

Hapo kale, Mombasa bara ilipokuwa ya wanyama, barua zote za Likoni, Kisauni na Changamwe zilichukuliwa na Kunguru. Alikuwa na mhuri wa Simba. Ndege mwingine akitaka kubeba vifurushi, sharti akate leseni kwa Kunguru, na kila mwezi ampelekee daftari: wateja wake ni nani, wanatuma nini, wanalipa ngapi.

Njiwa wa Kisauni akakata leseni, akawabebea wachuuzi wa Kongowea kwa shilingi 30. Jioni alipeleka daftari. Asubuhi Kunguru yuko mlangoni kwa Kuku, muuza viungo. "Bi Kuku, nasikia walipa 30. Kwangu mimi ni 29." Mwezi haujaisha, Njiwa kabaki na mkoba mtupu.

Akenda dirisha la malalamiko. Aliyefungua dirisha ni Kunguru, kavaa miwani. "Andika malalamiko yako," akamwambia, "na uambatishe majina ya wateja waliobaki."

Mwezi uliofuata Njiwa akatia jina la uongo daftarini: Papa, muuza vitumbua, Mtongwe, hulipa 50. Kulipokucha, Kaa akamwona Kunguru akizunguka ufuoni Mtongwe na bei yake ya 49, akiulizia duka la Papa.

Kesi ikafika kwa Mzee Kobe, chini ya mbuyu wa Likoni.

"Mzee wangu," Kunguru akajitetea, "nina macho mawili. La kulia lasoma daftari kwa kazi ya leseni, la kushoto latafuta wateja. Wallahi hayajuani!"

"Lakini kichwa ni kimoja," Kobe akamjibu. "Mwamba ngoma huvutia kwake. Barua endelea kubeba, ila daftari litashikwa na asiyebeba hata bahasha. Nawe Njiwa, kwa kuandika uongo, faini yako ni kitumbua kimoja. Niletee mimi."

Wakenya walichelewa kumsikia Kobe. Shirika la Posta na Simu ndilo lililobeba barua, na ndilo lililosimamia sekta nzima, hadi 1999, lilipogawanywa kwa Sheria ya Mawasiliano ya 1998: Posta ikabaki na barua, Telkom ikachukua simu, na usimamizi ukapewa Tume ya Mawasiliano.

Basi nawe mfanyabiashara, ukitakiwa orodha ya wateja wako, uliza kwanza: anayeipokea, yeye mwenyewe anauza nini?