Barua ya Wazi kwa Wapimaji wa Makunyanzi

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Usalama wa Chakula na Dawa,
Osong, Korea Kusini.

Salamu nyingi, na ngozi zenu ziendelee kung'aa.

Naandika kuwapongeza. Wenzenu duniani wanahangaika na wauza krimu wanaoahidi ujana wa milele. Ninyi ujana huo mmeuweka kwenye mizani. Krimu ikitiwa adenosini asilimia 0.04, inaingia daraja la vipodozi vya kazi maalumu, ruksa kutangaza kwamba inasaidia kupunguza makunyanzi. Kwa kopo la gramu 50 hiyo ni gramu 0.02. Zilizobaki ni maji, mafuta, manukato na matumaini ya mnunuzi.

Lakini kilichonikosha hasa ni wepesi wa utaratibu. Kiambato kikiwa kwenye orodha yenu na kipimo kikilingana, mtengenezaji hadaiwi ushahidi kwamba krimu yake yenyewe imewahi kunyoosha uso wa mtu yeyote. Anatoa taarifa, basi. Niasinamidi ya asilimia 2 hadi 5 hupita mlango huohuo, nayo kazi yake ni kusaidia ngozi iwe nyeupe. (Sisi Tanzania weupe wa kopo tunaujua kwa jina la mkorogo, na vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku. Niasinamidi haina balaa hilo. Ila weupe wenye baraka za serikali! Wauza mkorogo wetu wangelia kwa wivu.)

Mwaka 2017 mkaiingiza darajani na shampuu ya nywele zinazonyonyoka. Mbele ya chupa: inasaidia kupunguza dalili za kunyonyoka kwa nywele. Kwingineko, kwa amri yenu na kwa herufi za sisimizi: hii si dawa ya kuzuia wala kutibu ugonjwa. Mwenye upara huyasoma hayo bafuni, povu likimwingia machoni, fedha ikiwa imeshatoka.

Mwaka huohuo mkaruhusu vipodozi vitaje atopi, ugonjwa kamili wa ngozi. Madaktari wa ngozi wakaja juu. Mwaka 2020 mkaufuta ugonjwa, mkaandika "kuwashwa". Sijawahi kusikia tiba ya haraka kiasi hicho, tena kwa kalamu tupu.

Sasa nina ombi. Naomba kusajiliwa kuwa mume wa kazi maalumu. Nasaidia kuosha vyombo, nasaidia kulaza watoto, na mchango wangu kwa jumla haupungui asilimia 0.04. Kwa herufi ndogo niko tayari kuandikwa kwamba mimi si msaada wa kutegemewa.

Tatizo ni mke wangu. Anashikilia nipimwe kwanza nionekane kama nafanya kazi. Tafadhali mwandikieni, kwa karatasi yenye nembo, kwamba taarifa inatosha.

Wenu mtiifu,
Mwombaji, Dar es Salaam